Kipimo cha Unyevu

Miaka kumi na tisa napima korosho
kwenye ghala la njia ya bandarini, Mtwara.
Nalijua gunia linalosema kweli
na gunia lililonyunyiziwa maji usiku ili lizidi uzito.
Nachoma bambo, natoa punje, nasoma namba,
naandika. Basi.
Korosho haipandi meli kwa maneno matamu.

Jumanne nilikalia kiti mimi, Ligula,
kichwa nyuma, barakoa kidevuni,
na nesi Fabiola akanichoma bambo la pamba
mpaka chozi likatoka jicho moja.
"Tulia, mama Zaituni, namalizia."
Nikacheka. Ndivyo ninavyoyaambia magunia.

Zaituni yuko Ngazija, kaolewa Mbeni,
mimba ya kwanza, mwezi wa mwisho.
Nimemfungia korosho zilizobanguliwa kilo tatu,
unga wa muhogo, kanga doti mbili za kumbebea mtoto.
Ming'oko nimeiacha, hailali njiani.
Begi lilikuwa tayari tangu Jumapili.
Meli haikuwa tayari.

Jumatano walisema injini.
Alhamisi walisema kibali.
Cheti changu kilipewa siku tatu za kuishi,
kama matanga.
Ijumaa baada ya swala kikafa mkononi mwangu
na hapohapo simu ikalia:
abiria wote, kesho alfajiri.

Ofisi ya wakala. Kijana anaitwa Chitanda,
shati lina mistari ya pasi,
chupa mbili za vitakasa mikono mezani, moja tupu.
Akakitazama cheti, akanitazama,
akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu:
"Hii moja, mama, ikipata mkono na mguu
inakuwa nne. Elfu kumi.
Wino ninao wa rangi ileile."

Mwaka fulani mvua iliwahi,
nami niliambiwa: andika tisa, usiandike kumi na mbili.
Niliandika.
Mwenye mzigo alikuwa na mkopo,
mimi nilikuwa na karo ya Zaituni.
Lile gunia likakaa katikati ya wenzake, kimya.
Tulipofungua mlango baada ya wiki sita
ilitangulia harufu, ikafuata joto,
kisha kuvu nyeupe, kama mtu kamwaga unga.
Magunia mia nne. Ya watu.
Ya wajane wa Nanguruwe ambao hawakuwa na mkopo.
Hakuna aliyenitaja.
Najua mimi.

Kisiwa nacho ni ghala, mlango mmoja.
Zaituni alishanambia mitungi ya hewa wodini kwao
anaihesabu na vidole vinabaki.
Nami nakwenda kumpakata mtu
asiyejua hata kuziba mdomo wake.

Nikasema, "Iache moja iwe moja, baba,"
nikabeba begi kurudi Ligula.
Foleni ilifika kwenye genge la mihogo.
Nyuma yangu bwana mmoja akakohoa, akaomba radhi,
akakohoa tena.
Akasema ni vumbi la saruji, anapakia bandarini.
Labda ni vumbi la saruji.
Tulimwachia nafasi ya watu wawili, na wala hakuna aliyemtazama.

Alfajiri nilikuwa natawadha niliposikia honi.
Sikutoka nje.

Jumatatu mtoto kazaliwa. Wa kike.
Nilimwona kwenye simu, kakunja ngumi
kama punje ambayo haijabanguliwa,
mtandao ukakatikia sikioni.
Jina nitaambiwa nikifika.

Cheti cha pili kilisema hasi,
neno baya, habari njema,
nacho kimeshaishiwa siku zake kwenye droo.
Meli ijayo ni ya vitunguu, anasema Chitanda,
Alhamisi, Mungu akipenda na injini ikipenda.
Kesho narudi kwa Fabiola.
Pua ina matundu mawili.

Nguo sijazitoa kwenye begi.
Korosho, lakini, nimezitoa nikazipima upya.
Hewa ya huku ina maji.