Usiku wa Kubandika Bei

Mwaka unakata roho huku Invercargill na jua bado lipo,
saa tatu na nusu za usiku, mwanga umekataa kulala.
Nimefunga duka. Nina roli ya stika,
kisu kidogo, bakuli la njugu.
Ushuru umepanda tena, na mkono wa serikali ni huu wangu:
nabandua bei ya jana kwa ukucha,
nabandika ya kesho.

Rewi alikuja adhuhuri kutoka machinjioni,
akanunua pakiti sita kabla ya mkasi kushuka.
"Za mwezi mzima, Bhanu," akaapa.
Akiba ya Rewi huisha Jumatano.
Kitu kikiwa kingi, mkono husahau kuhesabu.

Bi Noeline aliacha pakiti zamani, akahamia tumbaku ya kusokota.
Msokoto wake wa kwanza ulikuwa mnene kama kidole gumba.
Bajeti ikasomwa, ukawa penseli.
Ikasomwa nyingine, ukawa msumari.
Leo ananionyesha: sindano.
"Nikifika kwenye uzi," anasema, "nitaanza kushona."

Mzee Tulloch naye kapanda mche nyuma ya nyanya zake,
ndani ya kibanda cha kioo, akakausha majani juu ya jiko.
Aliniletea jani moja nilinuse.
Lilinuka blanketi la mbwa aliyenyeshewa.
Alivuta mbele yangu kwa fahari
akakohoa mpaka meno ya bandia yakaruka,
akayaokota, akayafuta kwa shati,
akasema, "Angalau hili halina kodi."

Dougal sitamcheka.
Zamani kapu lake lilikuwa na mkate, mayai,
maziwa ya chupa kubwa kwa ajili ya binti yake,
na pakiti juu kabisa, kama kofia.
Kwanza yaliondoka mayai.
Kisha chupa kubwa ikawa ndogo.
Sasa huja na pakiti peke yake mkononi, hanitazami,
nami natazama mashine ya kadi ikifikiri.
Wenye hesabu mjini Wellington
walilenga moshi,
wakapiga maziwa.

Lakini yupo Mereana.
Kila Ijumaa huuliza, "Imefika ngapi?"
Namtajia. Hucheka kicheko cha mtu aliyekoswa na gari.
Miezi kumi na moja hajavuta,
na bado hulitazama kabati
kama anayepita nje ya nyumba ya mume wa zamani:
taa inawaka, nani yumo?

Julai waliingia na gari kinyumenyume kupitia dirishani.
Droo ya pesa hawakuigusa.
Waling'oa kabati zima. Nilifagia vioo hadi alfajiri
nikiwaza: basi kumbe nauza dhahabu
na mimi mwenyewe navaa soksi zenye viraka.

Saa tano. Giza limekuja hatimaye.
Nahesabu pakiti, naandika daftarini.
Imepungua moja. Wiki iliyopita ilipungua moja.
Nyuma ya duka, karibu na mapipa ya taka,
nukta nyekundu inapanda, inatulia, inashuka.
Jayanti wangu ameacha sigara tangu Diwali.
Aliniapia mbele ya mama yake.

Sikufungua mlango.
Stika imebaki moja. Koti lake limetundikwa msumarini,
nikapapasa mfuko, nikatoa kiberiti cha gesi,
nikaibandika hapo, bei mpya, imenyooka,
nikakirudisha nikaenda kulala.

Asubuhi, mwaka mpya, mvua ya kusini.
Kiberiti kimo mfukoni. Stika haipo;
imebanduliwa kwa ukucha, taratibu, bila kuacha gundi,
kazi safi kama yangu.
Na kaunta, chini ya bakuli la njugu,
noti zimekunjwa na sarafu juu yake.
Nahesabu. Narudia kuhesabu.
Bei ya jana, kamili.
Ya leo hajalipa.