Mdundo wa Tatu

Nilishuka mwenyewe, injini ikinguruma,
nikafunga mlango, nikaupiga kofi mara mbili
kama mtu anayemruhusu farasi.
"Tatu tu, Ilda. Gusa, paa. Gusa, paa. Ya tatu, simama."
Mgongo ulikuwa unaniuma.

Ilda Zubeldía, miaka hamsini na minane,
mwenye duka la dawa karibu na reli,
aliyelipia kila saa ya angani
kwa noti zenye harufu ya kafuri.
Nilimfundisha: kutua ni kuanguka kwa adabu,
ardhi haipigwi hodi kwa teke.

Ya kwanza, nyasi hazikujua kama amefika.
Ya pili alichelewa kidogo, akasamehewa.
Ndipo upepo wa kusini, ule tunaouita pampero,
ukainua ukingo wa kofia yangu
na soksi ya upepo ikageuza shingo.

Magurudumu yakagonga. Ndege ikadunda.
Angeiacha. Angeshikilia pua juu, angengoja.
Akaisukuma chini, kama mtu anayemkandamiza kuku asiruke.
Ikadunda tena, juu zaidi,
nami huku nyasini, nimekumbatia chupa ya chai,
nikavuta, nikavuta usukani usiokuwepo
mpaka maji ya moto yakanichoma kifuani.

Mdundo wa tatu haukuwa mdundo.
Gurudumu la pua lilikatika,
sauti ndogo tu, ya kuni kavu,
na propela ikaanza kulima uwanja.
Halafu kimya.
Ng'ombe wa Etchegoyen, ng'ambo ya seng'enge,
waliinua vichwa, wakarudi kula.

Nilikimbia mita mia tatu kwa magoti ya miaka sabini.
Nikamkuta anazima kila kitu kwa mpangilio,
mafuta, magneto, swichi kuu,
kidole kikifuata orodha mstari kwa mstari,
damu ya pua ikidondokea karatasi.
"Anselmo," akasema bila kunitazama, "na hii tuihesabu?"

Fomu ya uchunguzi ina kisanduku kimoja cha sababu.
Nikaandika: upepo.
Nikakaa na kalamu.
Upepo hauna mgongo,
haumwambii mtu "uko tayari" kwa kuwa umechoka kukaa.
Nikaongeza mstari nje ya kisanduku, na jina langu.

Kipande cha propela, kimejikunja kama sikio,
sasa kinazuia mlango wa duka la dawa usijifunge.
Wateja hujikwaa. Yeye huwaambia: "Punguza mwendo, inua pua."

Alhamisi ana somo, alfajiri, upepo haujaamka.
Safari hii sishuki
mpaka yeye ndiye aseme.