Hadi Mkilifi

Waliniita Alhamisi. Masika imekatika juzi
na nyasi za uwanja wa shule, hapa Tudor,
zamfika golikipa magotini.
Jumamosi kuna mashindano.
Trekta la nyasi lawaka, wakasema,
latoka bandani hadi kwenye mkilifi,
kisha lazimika. Kila siku, papo hapo.
Wapishi washaanza kumtaja pepo.

Nikaja kwa boda kutoka Kisauni, spana mapajani.
Mlinzi akachungulia nyuma yangu:
"Fundi yuko wapi?"
"Umemfungulia lango," nikamwambia.

Shekuwe, dereva, ameketi juu ya kile kiti chekundu
kilichopasuka, kama mtu angojaye hukumu.
Bwana Mwachofi wa uhasibu amesimama na daftari.
Mwezi wa pili zilipotea lita tano.
"Na sasa atia mafuta ya taa," akasema,
"petroli aiuza. Mpime."
Shekuwe alikwangua tope ukuchani.

Mimi hupima mashine.
Nikaanza na pua. Mafuta ya taa hayajifichi,
na petroli iliyolala hunuka vanishi ya kitanda kipya.
Akiba haiozi, wasema watu.
Ya petroli yaoza; kwa joto hili letu
miezi miwili yatosha kuifanya gundi.
Hii ilikuwa mbichi, ilinipiga machoni.
Nikasema hivyo kwa sauti. Daftari halikuandika.

Filta nikaiinua juani: chembe mbili za kutu, basi.
Kabureta nikaifungua juu ya gunia,
jeti nikaipitisha uzi wa waya, nikaipuliza
hadi midomo ikawa chungu.
Floti nikaitikisa sikioni
kama mtu anunuaye nazi:
haina kitu ndani, na ndivyo itakiwavyo.
Saa mbili nzima. Nikafunga, nikajisifu kimoyomoyo.

Likawaka. Likanguruma vizuri.
Likafika kwenye mkilifi
likafa.

Wanafunzi wakacheka madirishani.
Nikapiga magoti pale pale, nikachomoa mpira wa mafuta,
nikakinga kopo la maziwa ya unga.
Petroli ikaja uzi,
ikaja matone,
tone,
ikakoma.
Na tangi limejaa.

Nikaketi nyasini. Sikuelewa, nakiri.
Ndipo Shekuwe akanena, mara ya kwanza tangu asubuhi,
akiitazama miguu yake:
"Mbona kabla ya ile nailoni lilikuwa laenda?"

Nailoni ipi?
Nikainua boneti tena. Mfuniko wa tangi
umevikwa mfuko, wa zamani, wa kabla ya marufuku,
umefungwa kwa ukanda wa tairi mara nne,
ukapakwa nta, na juu ya nta
muhuri wa ofisi.
"Nimeweka mimi," akasema Bwana Mwachofi.
"Nipate kujua nani afungua."

Mfuniko una tundu, dogo kama ncha ya sindano.
Tangi halitoi bila kuvuta;
kila tone lishukalo lataka hewa ya kukaa mahali pake.
Ukiliziba, latoa kidogo, kwa aibu,
kisha lashikilia kila kitu kifuani.
Nikaupitisha wembe kwenye muhuri.

Fyuuuu.

Hata mlinzi alisikia kule langoni.

Shekuwe akapiga ufunguo. Akaupita mkilifi
bila kuutazama, akafika goli la mbali, akageuka,
na yangeyange watatu, sijui walikuwa wapi,
wakashuka nyuma yake kuokota panzi.

"Na sasa nitajuaje," akauliza Bwana Mwachofi,
"nani achukua?"
Nikamwambia hilo halimo kwenye kabureta.
Akataka risiti, yenye maelezo ya kazi.
Nikaandika: *Kuondoa nailoni. Na nta.*
Aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri ule ule.

Zile lita tano hazijulikani ziliko mpaka leo.
Nilipotoka, banda lilinuka nyasi mbichi,
na Shekuwe alikuwa bado azunguka
sehemu aliyokwisha kuikata.