Nati Mfukoni

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Tampere iko gizani tangu saa tisa,
nasi wazazi kumi na mmoja tumekalia viti vya chekechea,
magoti yakitafuta videvu,
tukijifunza kusema na watoto tuliowazaa wenyewe.

Mwalimu Sirkka ana sweta la kijivu na sauti isiyopanda ngazi.
Wiki ya kwanza hakutupa dawa wala lawama. Aliuliza tu:
"Kwa siku moja unamkaripia mwanao mara ngapi?"
Nikasema, kumi. Labda kumi na mbili.
Mke wangu Henriikka akatazama dirisha.

Mimi ni fundi wa tramu. Naamini kinachohesabika.
Nikajaza nati hamsini mfuko wa kulia,
na kila nilipomkaripia Urho, moja ikahamia kushoto.
Kufikia saa mbili asubuhi suruali ilikuwa imeinama upande.

Urho, soksi. Urho, si hizo. Urho, nimekwambia mara ngapi?
Urho, buti linafanya nini kwenye friji?
Urho!
Jina la mtoto limegeuka king'ora.
Usiku nikahesabu: arobaini na saba.
Kwa ajili ya sifa sikuwa nimetenga mfuko.

Samaki mkunje angali mbichi. Marehemu baba aliliamini hilo kwa mkanda.
Akanikunja. Hadi leo mlango ukifunguliwa kwa nguvu
nakagua makosa yangu kabla sijajua nani anaingia.
Daktari alipoandika zile herufi nne kwenye faili la Urho
nilizisoma kama barua iliyochelewa miaka thelathini,
na anwani ni yangu.

Wiki ya nne Sirkka akanifanya mimi mtoto.
"Vua koti, litundike, nawa mikono, leta daftari, na usikimbie."
Koti nikalivua.
Nikasimama nalo mkononi, mtu mzima wa kilo tisini na sita,
nikitafuta amri ya pili ilikopotelea.
Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha koo likanikaba.

"Sasa moja moja," akasema. "Sogea karibu. Shuka hadi machoni pake.
Sema mara moja. Halafu nyamaza, uhesabu hadi tano.
Kunyamaza nako ni kazi."

Leo asubuhi, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
nimepiga goti ukumbini. "Soksi za sufu."
Moja. Mbili. Anatazama taa.
Tatu. Ulimi nimeubana kama chuma kwenye jiliwa.
Nne.
Mkono ukaenda kwenye soksi.
"Umezivaa mara ya kwanza nilipokuambia," nikasema upesi,
kabla sifa haijapoa,
naye akanitazama kana kwamba nimekosea mtoto.

Suruali ya theluji. Buti. Glovu moja.
Ya pili haikuonekana, nami nikapaza sauti, sitaficha,
nikapaza hadi jirani wa chini akagonga bomba la joto.
Nati moja, kushoto.
Nikarudi gotini. Tukaanzia kwenye glovu.
Tulichelewa dakika sita.
Mwaka jana zingekuwa arobaini, na machozi juu yake.

Jioni nikakuta mifuko yangu imepinduliwa,
nati zimepangwa sakafuni, garimoshi refu
kutoka jikoni hadi kwenye viatu.
Urho kalala tumboni, kimya,
dakika ya kumi na saba kwa saa yangu.
"Baba, hizi ni za nini?"
Nikalala tumboni kando yake. Hapa Sirkka hajafika bado.
"Za kuhesabia."
"Kuhesabia nini?"
"Makosa."
"Ya nani?"
"Nilidhani yako."

Lakini yeye alishakuwa mbali, pua karibu iguse sakafu:
"Hii ina kutu," akasema, akiisukuma mbele ya zote kwa kidole kimoja.
"Hii ndiyo iwe dereva."