Mara Tatu

Redioni anasema aliitwa mara tatu,
usiku, akiwa na miaka tisa, kwa jina lake la nyumbani.
Mtangazaji anasema amina.
Mimi nageuza maharage jikoni,
nanyamaza.

Usoke, msimu ule, bani letu lilivuja moshi
kama mzee anayevutia puani.
Baba alikopa mbolea chama cha msingi,
na deni halilali, basi nasi hatukulala:
moto ukizidi, jani linaungua;
ukififia, jani linaota madoa
na mteuzi sokoni analitupa pembeni kwa vidole viwili.

Kalunde alilinda mdomo wa mashariki,
mimi wa magharibi, bani zima katikati yetu.
Utomvu mweusi ulitugandia mikononi,
hautoki kwa sabuni wala kwa majivu.
Ndiyo maana Jumapili, kwaya ya watoto ilipopiga makofi,
yeye aliificha yake nyuma ya gauni,
na mwalimu, akidhani ni ukaidi, akamtoa mstarini.
Hakulia. Alirudi akala michembe amesimama.

Usiku ule niliogopa.
Wiki iliyopita mtoto wa kina Mhoja
alisinzia mbele ya moto wao,
na kilichotuamsha si kilio, ni harufu.
Nikaita: Kalunde!
Akasema, eeh.
Nikaita tena. Akachelewa.
Nikaita ya tatu, koo likanipasuka kama gogo la mninga,
na badala ya eeh ikaja sauti,
ikapanda ukuta, ikapita juu ya nyasi za paa:
wimbo ule ule waliomnyima Jumapili,
ameanzia ubeti wa pili
kwa kuwa wa kwanza aliusahau.
Mayu akatoka na kanga moja, akasimama uani.
Baba alikuwa anahesabu deni kwa punje za mahindi;
hesabu ikampotea,
na kwa mara ya kwanza hakuianza upya.

Imba, nikamwambia. Ukinyamaza nitajua umelala.
Akaimba hadi jogoo.
Jani la bani lile lilitoka na rangi ya asali.
Tulilipwa daraja la tatu.

Leo ana albamu nne na viatu vya visigino,
ana watu wanaoanguka wakilia
kwenye mikutano ya Tabora mjini.
Mume wangu ananiambia, mpigie, mweleze ukweli.
Ukweli upi?
Koo lilikuwa langu, ndiyo, limejaa moshi.
Ila hofu ile sikuiokota mimi mwenyewe,
na aliyeiweka pale sikumwona sura.

Kila Jumamosi usiku hunipigia simu.
"Nyanzala, umelala?"
Huwa nachelewa kujibu, makusudi,
nisikie ataita mara ngapi.