Herufi Isiyosomwa

Ghalani Tandahimba, Somoe kanipa karatasi:
"Nisomee."
Magunia kumi na manne, korosho daraja la kwanza,
muhuri wa chama, umekwenda upande.

Nikamwambia risiti ni neno lenye mzizi wa Kilatini:
*kilichopokelewa*.
Waingereza walipolirithi
wakalirudishia P ya mababu,
wakaiandika, wasiitamke.
Imekaa mwishoni mwa neno
kama mkwe aliyekosewa salamu.
Kwetu lilifika bila hiyo P.

Akacheka, vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda.
"Kumbe ilibaki huko!
P ya pesa?
Basi wao wamepokea korosho.
Mimi nimepokea neno."

Akaikunja mara nne,
akaifunga kwenye pindo la khanga,
pale pakaapo pesa.