Chupa ya Tatu kutoka Kushoto

Lufunga ameziweka mezani chupa tano.
Hazina nembo; shingoni kazifunga uzi wa nyavu.
Anasema, Shangazi, onja,
lakini usinionee huruma.

Ananijua. Miaka thelathini na moja
ulimi wangu ulikuwa mali ya idara ya maji:
kila alfajiri pale Capri Point, glasi nyembamba mkononi,
naonja ziwa kabla mji haujaamka,
nasema klorini imezidi, nasema bomba la Igogo lina kutu,
na mhandisi mwenye digrii anaandika.
Sasa nimestaafu. Naonja mchuzi wangu tu
na maneno ya watu.

Bia ya Kibelgiji, anasema.
Alifundishwa na watawa? Wapi! Alikuwa akiosha mapipa
miaka minne katika mji wa mvua,
mikono ikichubuka, pua ikisoma.
Akarudi na chachu ndani ya kichupa cha dawa ya macho.
Forodhani hakusema, nami sikuuliza.

Chupa ya kwanza iliruka yenyewe hadi darini.
Ya pili ilikuwa imepoa kama hotuba ya diwani.
Ya tatu ikapumua.

Rangi yake: mawe ya Bugando saa kumi na mbili kasoro,
jua limeyaacha, joto bado wanalo.
Povu zito, limeng'ang'ania ukingo wa glasi
kama mtoto asiyetaka kwenda shule.
Nikanusa. Ndizi iliyoiva hadi ikaanza kujuta.
Karafuu, moja tu, iliyopotea njia ya kwenda kwenye pilau.
Ganda la chungwa. Mkate ulioungua chini.
Nikanywa. Utamu ukatangulia, umevaa vizuri,
nyuma yake uchungu, mdogo wake, asiyejua kubisha hodi.
Halafu moto, polepole, kifuani,
kama habari njema uliyoambiwa usiitangaze.
Asilimia tisa, akaninong'oneza. Pombe si chai, Shangazi.

Na maji? Maji nimeyatambua.
Hata uyachemshe, uyachuje, uyavike koti la shayiri,
ziwa halikosi neno la mwisho:
chuma kidogo, na ukijani wa magugu.
Nikasema hivyo. Akaandika.

Lakini kuna kitu nyuma ya ulimi.
Uchachu. Mwembamba. Kama mtu aliyesimama mlangoni,
hajaamua kuingia.
Lufunga akainamisha kichwa: Hiyo ni kasoro.
Shayiri ilipungua, nikaongeza mtama.
Kimea nilikianika juu ya jiwe la Bibi.

Jiwe la Bibi.

Basi nina miaka tisa, Mabatini, nyuma ya nyumba,
mama yangu Minza anageuza kimea kwa kiganja,
anafukuza kuku, kila mmoja kwa jina lake.
Mtama ule ndio sare yangu, daftari zangu,
viatu vilivyonibana hadi darasa la tano.
Jumamosi moja mgambo wakaja. Kibali hakuna.
Mitungi miwili wakaipindua juu ya mawe,
pombe ikateremka mlima, mtaa mzima ukanukia,
na mama hakulia. Alichovya kidole
katika kishimo cha jiwe, akalamba,
akasema: Ilikuwa bado siku moja.

Sisi watoto tulikatazwa kuionja.
Nami nikakua, nikawa mwanamke wa maji.

Lufunga anasubiri, kalamu hewani.
Autoe mtama? Alisugue jiwe kwa sabuni?
Nataka kumjibu kitaalamu,
lakini meza imeota mguu wa tano,
na yale mawe ya mlimani, ambayo tangu nizaliwe hayajasogea,
yanakuja, yananikaribia kwa adabu.

Nikachovya kidole kwenye glasi.
Andika, nikamwambia.
Mtama usiuguse.
Iache siku moja zaidi.